Betri Iliyokuwa Ikifa Wakati wa Maswali

Vijana wangu wa kipaza sauti, mmenibana niwaandikie nilivyofanya kazi, na mimi nimekubali kabla hamjamaliza kuomba. Lakini mnivumilie. Toka nistaafu siwezi kukaa kwenye kiti muda mrefu. Mke wangu anasema nimetoboa njia sebuleni kama ng'ombe waendao lamboni. Ukurasa huu nauandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo, na kila nikifika mwisho wa mstari nazunguka nyumba mara moja ndipo narudi.

Habari za vyeo na mishahara nazipita. Vyeo vyenyewe vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua, hata ninyi mnaupata.

Niliingia kazini nikiwa na elimu ya darasa la saba na sauti kubwa. Sekondari niliimalizia baadaye kwa masomo ya jioni, nikisinzia juu ya daftari hadi mwalimu akazoea kunifundisha nikiwa nimefumba macho. Ofisi ya wilaya ilinichukua kwa ajili ya sauti. Nilipokuwa mdogo, mama akinituma kumwita baba shambani, walikuwa wanakuja na baba za watoto wa vijiji vitatu.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Masalu, fundi wa kipaza na mkalimani wa mikutano. Alikuwa mtu mwembamba, mkavu, mwenye kofia ya pama ambayo sikuwahi kuona chini yake kuna nini. Kazi yetu ilikuwa hii: mkubwa akitoka makao makuu au mkoani kuja kueleza sera, sisi tunatangulia na Land Rover, tunafunga spika juu ya paa kwa kamba ya katani, tunaita watu. Mkubwa anasema Kiswahili, sisi tunageuza Kisukuma. Wananchi wanasema Kisukuma, sisi tunageuza Kiswahili. Siku hiyo ya kwanza nilishika maiki, nikasahau kwamba sauti yangu haihitaji msaada, nikapiga salamu ya asubuhi, "Mwangaluka!" kwa nguvu zangu zote. Kuku wa kijiji cha Dutwa walitaga mayai ambayo hayakuwa yamepangwa kutagwa wiki ile. Mzee Masalu aliniondolea maiki mkononi taratibu, akaniambia nikasalimie kwa kinywa kitupu, nikiwa nyuma ya gari.

Alinifundisha mengi, na mengine bado mnayahitaji. Spika ielekezwe upepo unakokwenda, usishindane nao. Maiki ivishwe kitambaa, maana wakubwa wengine wanarusha mate. Akina mama wasikalishwe upande wa jua, wataondoka kabla ya ajenda ya pili na mkutano utabaki wa wanaume wanaosinzia. Na spika isielekezwe zizini. Siku moja huko Mwamapalala tulisahau hilo; hotuba ilipofika kwenye "tusonge mbele," ng'ombe walisonga mbele kweli, wakapita juu ya meza kuu. Wananchi walikimbilia mifugo yao na mkutano ukaishia hapo. Nadhani ndiyo hotuba iliyotekelezwa haraka kuliko zote nilizowahi kutafsiri.

Somo kubwa lakini lilikuwa la waya.

Nyuma ya betri kulikuwa na waya mmoja uliofungwa kwa kuviringishwa tu, haukukazwa. Ukiugusa kwa kidole gumba, spika inakohoa, inapiga mluzi, halafu kimya. Hapo Mzee Masalu anasimama, anatikisa kichwa kwa huzuni ya msibani, anasema, "Ndugu wananchi, betri imekufa." Mkubwa anafunga mkutano kwa sauti ya kawaida, watu wanatawanyika. Nilidhani ni ubovu, nikataka kuukaza. Alinipiga mkono.

"Acha hapo hapo," akasema. "Huo waya ndio kazi yenyewe. Mengine yote ni kubeba vyuma."

Kulikuwa na mambo yanayoguswa na mambo yasiyoguswa. Ukiuliza kuhusu kisima, kinaguswa. Choo cha shule kinaguswa. Lakini wakati ule naanza, ushirika kuwa ndiye mnunuzi peke yake wa pamba haukuguswa. Mtu mmoja wa kijiji cha Sola aliinuka kwenye "mengineyo," akauliza kwa adabu kabisa kama anaweza kumpa pamba yake mtu mwingine mwenye lori ambaye yuko tayari leo, maana ya kwake imelala nyumbani inaliwa na panya. Hakutukana mtu. Mkubwa akajikuna sikio. Kujikuna sikio ndiyo ilikuwa alama. Kidole cha Mzee Masalu kikagusa waya, betri ikafa. Nawaambieni, katika eneo letu hakuna betri iliyowahi kufa kwa kuisha chaji. Zote zilikufa kwa maswali.

Halafu zikaja enzi za ruksa na baada yake. Vitu vikarudi madukani, sabuni ikaacha kuwa habari, mitumba ikapanda hadi juu ya vibanda. Na siku moja sera ikageuka: pamba inunuliwe na yeyote, soko liwe huria. Mzee Masalu alikuwa amestaafu, nimebaki mimi na waya. Nilifurahi. Nilijisemea sasa lile swali la mtu wa Sola limejibiwa, nitaukaza huu waya, nitaishi kwa amani.

Sikuukaza. Bosi wetu, ambaye nitamwita Bwana Kola kwa sababu ya kola za mashati yake zilizokuwa zimepigwa wanga hadi zinamkwaruza taya, aliyekuwa anatuambia ushirika ni roho ya taifa, Jumatatu moja alikuja ofisini akasema soko huria ndiyo roho ya taifa. Kola ile ile, hata chai ilikuwa ile ile. Na nilipomwuliza kama sasa watu wataruhusiwa kuuliza chochote, alinitazama kama niliyekanyaga mkeka na viatu.

"Bulugu," akaniita jina langu, "mambo yamebadilika, lakini hayajabadilika hivyo."

Na wakati ule, vijana, orodha za kupunguzwa kazi zilikuwa zinazunguka maofisini. Kila aliyeitwa kwa mkubwa alikuwa anatoka akishikilia ukuta. Mimi nilikuwa na watoto shuleni na elimu ya jioni isiyomtisha mtu. Nilikuwa nashtuka hata nikiitwa kunywa uji.

Sasa nifike kwenye siku ambayo imenizuia kukaa hadi leo.

Kulikuwa na kijiji ng'ambo ya Dutwa, jina naliacha. Kilikuwa na ghala zuri, la matofali ya kuchoma, bati tupu juu, lililojengwa na wanakijiji wenyewe zama za ushirika. Akina mama walibeba maji ya matofali vichwani kutoka mtoni kiangazi kizima. Ilikuwa mwisho wa msimu, mawingu yameanza kukusanyika upande wa ziwa. Ndani ya ghala kulikuwa na magunia ya mbegu za pamba, yameshushwa kutoka jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, yanangoja mvua za kupandia. Nje, mnunuzi mpya alikuwa na pamba yake ya mwisho ambayo haijapata lori, naye akaomba apewe ghala aiingize kabla haijaloa. Ofisi ikakubali haraka, tena ikataka ufunguo ukabidhiwe hadharani, kwa sherehe, mbele ya mgeni kutoka Dar es Salaam, ili watu waone soko huria limefika.

Magunia ya mbegu yangekwenda wapi? Hakuna aliyesema. Mbegu ya pamba ikinyeshewa ikiwa guniani inaota humo humo, au inaoza, na hakuna nyingine hadi mwaka unaofuata. Kijiji kizima kilijua. Nilivyopita asubuhi kuita watu, walinisimamisha kwenye kila boma wakaninong'oneza hilo hilo. Lakini mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshawaambia kwamba atakayeuliza ataandikwa kuwa anapinga soko huria, na mwalimu mmoja wa jirani alikuwa amehamishwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Kwa hiyo walininong'oneza mimi, kana kwamba mimi ndiye spika.

Mgeni alikuwa Bwana Kondo, mtu mnene mwenye kicheko, Mzaramo. Hilo la Uzaramo lishikeni.

Alihutubia vizuri. Nilitafsiri. Akasema soko litajipanga lenyewe, nikatafsiri hivyo hivyo, nikaona watu wanatazamana wakitafuta ni nani huyo. Mnunuzi mpya, kijana mpole mwenye miwani ya jua, akasogea mbele. Bwana Kondo akainua ufunguo juu, unang'aa. Akina mama wa ngoma wakapiga vigelegele kama walivyoagizwa, na aliyewaongoza alikuwa Mayu Kabula, yaani Mama Kabula, mjane mwenye mashamba mawili ya pamba na mdomo unaotosha mashamba kumi. Alikuja akicheza, ameinama, mabega yanatetemeka, akazunguka meza kuu, akamfikia mgeni kana kwamba anamtunza. Akauchukua ufunguo kutoka mkononi mwake. Akautumbukiza kifuani, akasimama.

Ngoma ikanyamaza. Nilisikia bati la ghala likipiga mlio wa joto.

Ninyi mmezaliwa juzi, huenda mnadhani utani ni vichekesho vya redioni. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani toka babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani. Mtani anaweza kukunyang'anya kitu msibani, mbele ya maiti, na wewe hukasiriki. Unakomboa. Ukikasirika umejiaibisha wewe na ukoo wako hadi wajukuu. Serikali haikuutunga utani na haijawahi kuufuta.

"Mtani wangu," alisema Mayu Kabula kwa Kisukuma, na nikatafsiri, "babu zangu walifika kwenu wamebeba pembe, wana kiu, mkawauzia maji ya kisima. Leo umefika kwangu mikono mitupu unagawa ghala langu. Ufunguo nimeukamata. Ukomboe."

Bwana Kondo alicheka hadi tumbo likagonga meza. "Huyu mama ananijua! Haya, nikukomboe kwa nini? Soda?"

"Soda nitakunywa, nitakojoa, itakuwa imeisha. Nipe jibu."

Hapo nikamwona Bwana Kola. Alikuwa anajikuna sikio. Alijikuna kwa bidii, kama aliyeingiwa na siafu. Kidole changu gumba kilikuwa juu ya waya. Nilikuwa naujua mguso wake kuliko mkono wa mke wangu. Niliwaona watoto wangu wamefukuzwa shule kwa ada, nikajiona mimi nauza karanga stendi ya Bariadi, tena karanga zenyewe za mkopo. Na Mayu Kabula alikuwa ananitazama mimi, si mgeni.

"Swali ni hili," alisema. "Mbegu zilizomo mle ndani, mvua ikija, zitalala wapi? Kwako Dar?"

Kwa nilivyofundishwa miaka yote, swali kama hilo lilitafsiriwa, "Mama anashukuru kwa ugeni." Niliondoa kidole kwenye waya, nikakiweka mfukoni ili kisibadili mawazo, nikalitafsiri neno kwa neno, pamoja na Dar yake. Spika ikalibeba hadi kwenye mawe ya mlimani, yakalirudisha.

Bwana Kondo alianza kucheka tena, kicheko kikaishia njiani. Akatazama ghala, akatazama mawingu. "Soko," akaanza, "litaji..."

"Huyo ukimwona mwambie aje na turubai," akasema Mayu Kabula.

Watu walicheka. Si kwa kelele. Kilikuwa kicheko cha watu waliojiruhusu kidogo. Na yule mtu mnene, mgeni wa makao makuu, akavua miwani yake, akaifuta kwa shati, akanyoosha mkono nimpe maiki. Akasema:

"Mtani wangu, sijui. Hilo hatukulifikiria."

Nilikuwa nimetafsiri hotuba nyingi kuliko nywele zangu, na zamani nilikuwa nazo. Sikuwahi kusikia maneno hayo yakipita kwenye kile chombo. Nikayageuza Kisukuma. Nilipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya baiskeli yake iliyolazwa aliinuka, akaisimamisha, kama mtu anayemkaribisha mgeni.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Bwana Kondo alimgeukia mnunuzi, akamwuliza mwaka ujao atanunua nini watu wasipopanda. Yule kijana, ambaye hakuwa mtu mbaya, alivua miwani yake pia, akasema kwa kweli hakuambiwa kwamba mle ndani kuna mbegu. Akakubali kuweka pamba yake nje chini ya turubai hadi watu wapande. Ufunguo ukabaki kifuani kwa Mayu Kabula. Alipewa na soda vilevile, akainywa mbele ya watu wote bila haraka.

Njiani kurudi, tulipovuka mto, Bwana Kola alinigeukia.

"Betri ya leo ilikuwa nzima sana," akasema.

"Niliichaji, bosi."

"Naona."

Sikulala, niliogopa, lakini nilifurahi pia, nisiwadanganye. Nilidhani tumevunja kitu. Nilidhani kuanzia siku ile kitaulizwa chochote popote.

Bwana Kondo akarudi zake Dar. Wiki iliyofuata tulikwenda kijiji kingine, upande wa pili wa wilaya, kazi ile ile: ghala, mbegu ndani, mnunuzi mwingine, ufunguo. Safari hii aliyekabidhi alikuwa Bwana Kola mwenyewe, na Bwana Kola hakuwa mtani wa mtu yeyote pale. Kwenye mengineyo akainuka baba mmoja, ameshika kofia mkononi. Hakucheza, hakunyang'anya kitu. Aliuliza swali lile lile la Mayu Kabula, kwa heshima kuliko yeye, akianza na "mheshimiwa" na kumaliza na "mheshimiwa."

Bwana Kola alijikuna sikio. Mimi nilikuwa nimeshaweka mikono yote miwili mfukoni, namtazama yule baba, nimefungua kinywa nitafsiri. Bwana Kola akasubiri kidogo. Halafu akajinyoosha nyuma yangu, kola ikamkwaruza, akauchomoa waya yeye mwenyewe.

Mluzi. Kimya.

"Ndugu wananchi," akasema, "betri imekufa."

Yule baba alibaki amesimama na kofia yake. Niliruka juu ya boneti, nikajaribu kulirudia swali kwa kinywa kitupu. Sauti ninayo, mnaijua. Lakini ngoma ilikuwa imeshaamriwa ipigwe, na ngoma za Kisukuma hata mimi siziwezi. Ufunguo ukatolewa. Magunia yakatolewa yakapangwa ukutani, nje. Mvua ilikuja mapema mwaka ule. Nilipopita tena, mbegu zilikuwa zimeota guniani, nyeupe, ndefu, zimetoboa magunia kama ndevu, na mbuzi wanazila. Mashamba ya kijiji kile yalikaa majani matupu. Kwa Mayu Kabula pamba ilifika kiunoni. Umbali kati ya vijiji hivi viwili, mtu wa baiskeli anakwenda na kurudi siku moja.

Nimelizungusha jambo hili kichwani hadi limenichosha, bado halikai. Swali lilikuwa moja. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na mtani kwenye meza kuu, na mwingine alikuwa na heshima tu. Mtu akihitaji kumchekesha mkubwa kwanza ndipo aulize mbegu zake zitalala wapi, basi wale wasio na mtani waulizie wapi? Na wale wasiojua kuchekesha? Wasukuma hatuna watani wa kuwatosha wakubwa wote wa nchi hii.

Wala msidhani nawasema watu wa soko huria. Mtu wa Sola aliuliza habari ya ushirika, akapata betri iliyokufa. Baba mwenye kofia aliuliza habari ya soko huria, akapata betri ile ile. Sera zilikuwa mbili, zinapingana kama paka na mbwa, lakini waya ulikuwa mmoja. Nami nimetumikia nyingine nyingi baada ya hizo, nzuri kadhaa, na kila moja ilipofika ilikuja na mtu wake wa kujikuna sikio.

Kazini nilibaki. Kwa nini sikupunguzwa sijui, na sikuuliza, nisije nikawakumbusha. Lakini Jumapili iliyofuata mvua zile nilimpelekea fundi redio wa Bariadi kile chombo chote. Nikamwambia aukaze ule waya kwa risasi ya kuchomelea. Akaweka kidogo. Nikamwambia aongeze. Akaweka tena, akasema inatosha. Nikamwambia aongeze, nikasimama pale hadi lilipokuwa bonge kama dole gumba la mguu. Tangu siku hiyo betri zilikufa kwa kuisha chaji tu, na wakubwa walilalamika kwamba vifaa vya siku hizi havina adabu. Bwana Kola aliujaribu mara moja mbele ya watu, akavuta, meza ikatingishika, swali likaendelea. Hakunitazama, wala sikumtazama.

Siku ya kukabidhi, mwezi uliopita, alikuja kijana mmoja wenu, Shija. Ofisi imempa spika mpya isiyo na waya, nimeiona, nzuri, nyepesi kama kikapu. Nikamkabidhi na ile ya zamani iwekwe stoo. Akaigeuza, akaona lile bonge la risasi nyuma, akacheka.

"Mzee, fundi gani alichomelea hivi? Alikuwa mlevi?"

"Hapana," nikamwambia. "Alikuwa na wasiwasi."

Akacheka tena, akaiweka kwenye boksi. Halafu akanionyesha ile mpya inavyofanya kazi. Kuna kitu kidogo kama rimoti, chenye kitufe chekundu cha kuzimia sauti. Nikamwuliza kinakaa na nani wakati wa mkutano.

Akasema meza kuu.

Nimezunguka nyumba mara nyingine. Shija, wewe na wenzako, ninachowaomba ni hiki tu, na ndiyo sababu nimeandika yote haya nikiwa nimesimama: kabla ya mkutano wa kwanza, kile kitufe kipelekeni kwa fundi.